Bima ya mizigo ya baharini na nyongeza yake ya vita: tathmini ya mwagizaji wa Kariakoo

Bidhaa ninayoitathmini hapa haishikiki mkononi. Ni hati ya bima ya mizigo ya baharini, pamoja na nyongeza yake inayohusu vita, niliyokatiwa na dalali mmoja mwenye ofisi katikati ya jiji, si mbali na Posta ya Zamani, kwa ajili ya kontena la vipuri vya mashine za kusaga nafaka lililotoka Guangzhou. Sitamtaja dalali wala kampuni iliyotoa hati, kwa kuwa maneno yaliyomo ndani yake karibu yote si yao: yaliandikwa London, na mwagizaji anayekata bima Mombasa, Durban au Mumbai hupewa vifungu hivyohivyo. Kwa hiyo nitaipima zaidi bidhaa yenyewe kuliko duka linaloiuza, ingawa duka nalo nitaligusia.

Tangu Januari 2018 mwagizaji wa Tanzania anatakiwa kukata bima ya mzigo anaouingiza kwa kampuni iliyosajiliwa hapa nchini, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tunanunua kwa bei ambayo muuzaji wa ng'ambo ameshaijumlisha bima ndani yake, hati hatuioni, na hasara ikitokea tunabaki kupiga simu Guangzhou usiku wa manane. Utaratibu wa sasa ni bora. Hata hivyo, wapo waagizaji wengi wa Kariakoo wanaoiona bima hii kama tozo nyingine ya kupita nayo forodhani, nao huchukua ile ya bei ya chini kabisa ili mradi nyaraka zikamilike. Ile ya bei ya chini kabisa huwa ni Vifungu C, ngazi ya chini kati ya tatu za vifungu hivyo vya London, ambavyo hulipia majanga makubwa tu kama meli kuzama, kuwaka moto, kukwama au kugongana, na havilipi wizi. Vifungu B viko katikati. Vifungu A ndivyo vipana, na ndivyo nilivyochukua, kwa kuwa hulipia kila hasara ya ghafla isipokuwa zile zilizotajwa wazi kwamba zimeachwa nje.

Sehemu inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote ni hiyo orodha ya yaliyoachwa nje. Vita vimeachwa nje hata katika Vifungu A: vita kati ya mataifa, vita vya wenyewe kwa wenyewe, uasi, na ukamataji wa meli unaotokana na hayo. Lakini uharamia umebaki ndani. Mwenye kukata Vifungu A, mzigo wake ukichukuliwa na watu wenye bunduki wanaotaka fedha, analipwa kama aliyepatwa na ajali ya kawaida ya bahari. Ukichukuliwa na watu wenye bunduki zilezile, kwa boti za aina ileile, ambao shabaha yao ni ya kivita, halipwi chochote mpaka awe amenunua nyongeza.

Sisi wa mwambao huu tumeziona aina zote mbili. Mwaka 2008, katika miezi ya Septemba na Novemba, maharamia wa Kisomali waliiteka kwanza meli ya Faina, iliyokuwa inakuja Mombasa ikiwa na vifaru 33 vya aina ya T-72, kisha wakaiteka Sirius Star, meli ya mafuta iliyobeba takriban mapipa milioni 2 ya mafuta ghafi ya Saudi Arabia, kusini mashariki mwa pwani ya Kenya. Wenye meli walilipa, waliobeba hatari walilipa, na ada zikapanda. Vyama vya wenye meli vilichora eneo la hatari kubwa lililoshuka hadi nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kiasi kwamba bahari yote iliyo mbele ya Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, na eneo hilo lilifutwa rasmi tarehe 1 Januari 2023. Haukupita mwaka. Tarehe 19 Novemba 2023 wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen walishuka kwa helikopta juu ya Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu wakaiteka. Meli hiyo ilikuwa na bendera ya Bahamas, umiliki wake ulihusishwa na mfanyabiashara wa Israel, ilikodiwa na kampuni ya Japani, na mabaharia wake 25 walikuwa raia wa Ufilipino, Mexico, Bulgaria, Ukraine na Romania. Katika kundi lote hilo, walioshikwa mateka kwa zaidi ya mwaka, hadi Januari 2025, ni mabaharia peke yao.

Nilipofika kwa dalali, binti aliyenihudumia alinieleza kwa heshima kwamba nyongeza ya vita si ya lazima. Nilimwuliza meli itapita wapi. Akageuza skrini yake nikaona njia: kutoka kusini mwa China kupitia Mlango wa Malacca, kisha Bahari ya Hindi moja kwa moja hadi Dar es Salaam, bila kuikaribia Yemen. Nikasema basi ya nini kununua. Akajibu, "Mzee wangu, meli haiombi ruhusa ya mwenye kontena ikibadilisha njia." Alikuwa na haki. Hati ya shehena humpa mwenye meli uhuru mpana wa kupita na kupakulia mahali pengine, na mizigo mingi ya Dar es Salaam hushushwa kwanza katika bandari nyingine ikisubiri meli ya pili. Nikainunua.

Bei ya nyongeza hiyo haipangwi hapa. London ipo Kamati ya Pamoja ya Vita, inayokutanisha wawakilishi wa soko la Lloyd's na wa kampuni nyingine za bima za jiji hilo, nayo hutoa orodha ya maeneo ya bahari ambayo meli ikitaka kuingia ni lazima itoe taarifa na, kwa kawaida, ilipe ada ya ziada. Kamati haipangi ada. Kila kampuni inapanga yake, lakini orodha ndiyo ishara. Kabla ya Novemba 2023 ada ya meli kupita kusini mwa Bahari ya Shamu ilikuwa sehemu ndogo sana ya asilimia moja ya thamani ya chombo. Mwanzoni mwa 2024 ilitajwa kukaribia asilimia moja kamili kwa safari moja. Kwa meli yenye thamani ya dola milioni 100, hiyo ni dola milioni moja kwa kupita mara moja, na mwenye meli akiipiga hesabu anaona afadhali azunguke Rasi ya Tumaini Jema, safari irefuke kwa siku 10 hadi 14, na mafuta yaungue zaidi.

Kampuni ya hapa nyumbani iliyonipa hati nayo haibaki na hatari hiyo peke yake. Huigawa kwa njia ya bima mtawanyo, yaani kampuni ya bima nayo hujikatia bima kwa kampuni nyingine, na hatari ya vita hasa huishia kwenye masoko makubwa ya London, Munich na Zurich. Waliobeba bima mtawanyo wakigoma, kampuni ya Dar es Salaam haina la kufanya. Tulishuhudia hivyo tarehe 1 Januari 2023, mikataba mingi ilipohuishwa na wenye masoko hayo wakaziondoa Urusi, Ukraine na Belarus katika yale waliyokubali kuyabeba. Hati yangu yenyewe ina kifungu kinachoruhusu nyongeza ya vita kuvunjwa kwa taarifa ya siku 7, isipokuwa kwa mzigo ambao bima yake imeshaanza kufanya kazi. Nadhani huu ni udhaifu wa kweli wa bidhaa: ulinzi unaoweza kuondolewa wiki ile unapohitajika zaidi.

Hapa inafaa niseme wazi ninavyoielewa bidhaa hii baada ya kuisoma yote. Katika mijadala ya Mlimani ya miaka ya 1960 na 1970 tulizoea kusikia kwamba ubepari wa dunia ndio unaozaa vita, na upande wa pili wapo waliodai tangu kabla ya 1914 kwamba biashara ikishayafungamanisha mataifa, vita vitakuwa hasara tupu na vitakoma. Hati ya bima haimuungi mkono yeyote kati yao kikamilifu. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulikuwa ukipata zaidi ya asilimia 40 ya gesi iliyoagizwa kutoka Urusi, na biashara hiyo kubwa haikuzuia vifaru kuingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Wala siamini kwamba Wahouthi walirusha makombora kwa ajili ya faida, kwa kuwa wenyewe walisema ni kwa ajili ya Gaza, na siasa za Yemen zina mizizi yake. Kinachoonekana katika vifungu ni kitu cha kati: mtaji hauamui kila mara nani apigane, lakini unapanga mgogoro upite wapi, ugharimu nani, utumie silaha gani, na uhesabiwe au usihesabiwe.

Mapito membamba ndiyo mfano wa kwanza. Biashara ya dunia ikishasongamana katika Suez, Bab el Mandeb, Hormuz na Malacca ili kuokoa siku na mafuta, kundi lisilo na jeshi la maana la majini linapata nguvu ambayo zamani ilikuwa ya dola zenye manowari. Suez ilipofungwa kuanzia Juni 1967 hadi Juni 1975, ilihitaji vita vya mataifa na majeshi mawili yaliyotazamana kwenye kingo za mfereji. Kuanzia mwishoni mwa 2023 zilitosha droni, makombora na boti chache, kwa sababu haikuhitajika kuzizuia meli zote. Ilitosha kupandisha ada. Meli zilizozamishwa, kama Rubymar mwaka 2024 na Magic Seas na Eternity C mwezi Julai 2025, ni chache mno ukilinganisha na zile zilizogeuza njia kwa sababu ya karatasi.

Hilo linanileta kwenye kasoro kubwa zaidi ya bidhaa, ambayo kila mwagizaji anapaswa kuifahamu kabla ya kulipa. Vifungu vyote, A, B na C, vinaacha nje hasara inayosababishwa na kuchelewa, hata kama kuchelewa kwenyewe kumetokana na janga lililokatiwa bima. Na madhara ambayo vita vya mbali humletea mfanyabiashara wa Kariakoo karibu kila mara ni kuchelewa na nauli, wala si kombora. Kontena langu halikupita Bahari ya Shamu, lakini mwaka 2024 nauli kutoka China zilipanda kwetu pia, kwa kuwa meli zilizokuwa zikizunguka Afrika kwenda Ulaya zilikaa safarini muda mrefu zaidi, makontena matupu yakachelewa kurudi Asia, na nafasi melini ikawa haba kwa wote.

Nauli hiyo ikifika hapa inazaa. Forodha hutoza ushuru kwa thamani ya bidhaa ikijumlishwa na bima na nauli hadi bandarini. Tuchukue mfano wa mzigo unaotozwa ushuru wa asilimia 25, na nauli ya kontena imepanda kwa dola 3,000. Ushuru wa dola hizo 3,000 ni dola 750, zinakuwa 3,750. VAT ya asilimia 18 juu yake ni dola 675, na jumla inakuwa dola 4,425, kabla ya tozo ndogondogo. Aliyesajiliwa VAT atairudisha sehemu hiyo, mdogo asiyesajiliwa ataibeba na kumpelekea mnunuzi. Kwa maneno mengine, kombora linaloikosa meli Yemen huongeza kodi inayolipwa Dar es Salaam, na hakuna hati yoyote ya bima inayomfidia mwenye duka.

Zipo pande zilizonufaika na zilizoumia, na mgawanyo wake haukufuata haki wala hatia. Maersk ilitangaza faida ya uendeshaji ya takriban dola bilioni 6.5 kwa mwaka 2024, kutoka dola bilioni 3.9 mwaka uliotangulia. Misri, ambayo haikuwa upande wowote wa mapigano yale, ilishuhudia mapato ya Mfereji wa Suez yakianguka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi chini kidogo ya dola bilioni 4 mwaka 2024. Siwalaumu Maersk kwa njama. Soko likiwa na uhaba, bei hupanda na mwenye chombo hupata. Lakini mtu asiniambie kwamba kila mfanyabiashara mkubwa ana haja ya haraka ya kuona bahari imetulia.

Mfano wa pili ni kifungu kifupi cha vikwazo, ambacho katika hati yangu kiko ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Kinasema kampuni haitalipa fidia yoyote ikiwa kulipa huko kutaiweka katika hatari ya kuvunja vikwazo vya Umoja wa Mataifa, vya Umoja wa Ulaya, vya Uingereza au vya Marekani. Kampuni ni ya Kitanzania, mwenye mzigo ni Mtanzania, muuzaji ni Mchina, wala Tanzania haijamwekea vikwazo yeyote kati yetu. Hata hivyo, uamuzi wa Washington unaweza kuifuta bima yangu. Dalali alisema kifungu hicho hakiondoleki, kwa kuwa wenye bima mtawanyo hawatakubali. Namwamini.

Nguvu ya kifungu hicho ilionekana kwa ukubwa wake tarehe 5 Desemba 2022, nchi za G7 na washirika wao zilipoweka ukomo wa dola 60 kwa pipa la mafuta ghafi ya Urusi yanayosafirishwa kwa bahari. Hawakupeleka manowari kuzuia meli. Walitumia bima: meli yenye mafuta yaliyouzwa juu ya bei hiyo isingeweza kupata bima wala huduma za usafirishaji kutoka nchi hizo, na kwa kuwa vyama vya bima vyenye makao yake makuu katika nchi hizo na washirika wao hubeba dhima ya takriban asilimia 90 ya uwezo wote wa meli za bahari kuu, tishio lilikuwa zito. Urusi nayo ikajibu kwa kujikusanyia meli kuukuu, zenye bendera za kukodi na bima zisizojulikana. Tanzania inaijua mbinu hiyo. Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zimepeperusha bendera yetu kupitia usajili wa Zanzibar ili kukwepa vikwazo, na baada ya shinikizo la Marekani Serikali ikazifuta. Bendera yetu ilikuwa imekodishwa kupitia wakala aliyekuwa Dubai. Sijui kama kuna namna iliyo wazi zaidi ya kuona jinsi nchi isiyogombana na mtu inavyoweza kujikuta ndani ya ugomvi kwa sababu ya ada ya usajili.

Nije kwa vita vikubwa. Bima ya vita ya vyombo vyenyewe, ambayo ni tofauti na yangu ya mzigo, ina kifungu kinachosema kwamba inakoma papo hapo ikizuka vita kati ya yoyote katika mataifa matano: Uingereza, Marekani, Ufaransa, Urusi na China. Vita vya Yemen vinauzika. Vya Somalia vinauzika. Vya wakubwa hao watano havina bei, soko linafunga dirisha. Sababu ni ya kihesabu, kwa kuwa hakuna mfuko unaoweza kulipa hasara ya wakati mmoja katika bahari zote, na historia ya bandari yetu ina ushahidi. Tarehe 31 Julai 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iling'oa nanga hapa Dar es Salaam, na tarehe 6 Agosti ikaikamata karibu na Oman meli ya Kiingereza City of Winchester iliyobeba chai, miongoni mwa meli za kwanza kabisa za biashara za Uingereza kukamatwa katika vita vile. Soko la London halikuweza kuubeba mzigo huo peke yake; Serikali ya Uingereza ikalazimika kuchukua asilimia 80 ya hatari ya vita kwa vyombo vyake. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba miaka michache kabla, wenye Lloyd's waliulizwa na kamati ya Serikali kama wangelipa fidia ya meli za Kijerumani zenye bima kwao iwapo zingezamishwa na jeshi la majini la Uingereza lenyewe, nao walisema mkataba ni mkataba. Soko huria likifika hapo ndipo dola huingia, na mwenye dola dhaifu huwa hana wa kumwingilia.

Mfano wa tatu unatuhusu zaidi, na ndio uliopunguza alama nilizotaka kuipa bidhaa hii. Nyongeza ya vita hulinda mzigo ukiwa juu ya meli tu. Huisha mzigo unaposhushwa, au zikitimia siku 15 tangu meli ifike katika bandari ya mwisho, lolote litakalotangulia. Na meli iliyotia nanga nje ikisubiri gati nayo huhesabiwa kuwa imefika, jambo ambalo kwa bandari yenye foleni kama yetu si la kupuuza. Vifungu vya kawaida vinaendelea hadi siku 60 baada ya kushushwa, lakini vya vita vinakatika pale majini. Kampuni za London zilikubaliana hivyo mwaka 1937, baada ya vita vya Hispania kuonyesha kwamba ndege zinaweza kuteketeza maghala yaliyojaa bidhaa za wateja mia kwa usiku mmoja. Tangu wakati huo vita vya baharini ni biashara, na vya nchi kavu si biashara.

Fikirieni maana yake kwa jirani zetu. Sehemu kubwa ya mizigo ya nje inayopita Dar es Salaam ni ya Kongo na Zambia. Mfanyabiashara wa Bukavu anayeagiza vitambaa kutoka China kupitia hapa anaweza kununua ulinzi dhidi ya mapigano ya Yemen, ambako mzigo wake haupiti, na hawezi kununua katika hati hii ulinzi dhidi ya mapigano ya Kivu, ambako mzigo wake unakwenda. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Lori likitoka bandari kavu ya Kurasini, kwa upande wa vita liko peke yake. Zipo bima maalumu za ghasia za kisiasa za nchi kavu, lakini wateja wake hasa ni migodi na kampuni kubwa, si mwenye duka la khanga.

Na vita hivyo visivyo na bei katika hati yangu havijatengwa na soko la dunia hata kidogo. M23 waliuteka mji wa Rubaya mwezi Aprili 2024, eneo linalokadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikuwa linakusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kwa kuyatoza madini hayo. Koltani hutoa tantalamu, tantalamu huingia kwenye simu na kompyuta, na simu hizo hupakiwa kwenye makontena ambayo yakifika majini hukatiwa Vifungu A pamoja na nyongeza ya vita. Madini yanapotoka kilimani yakiwa yamelipiwa tozo ya wenye bunduki, hayana bima ya vita; yakirudi yakiwa simu, yanayo. Sioni njama katika hilo, naona mpaka uliochorwa mahali mtaji unapoanza kuwa na thamani ya kulindwa.

Nimemaliza na vifungu, nirudi dukani. Huduma ya ofisi ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia: hati ilitoka siku ileile, ikaonekana kwenye mfumo wa TIRA nilipoihakiki, na maswali yangu hayakupokelewa kwa kuchoka. Kasoro ni kwamba maelezo yote ni ya Kiingereza cha wanasheria na hakuna muhtasari wowote wa Kiswahili, kwa bidhaa ambayo sheria inamlazimisha kila mwagizaji kuinunua. Sanduku moja la bearingi lilipofika likiwa limevunjwa na kupungua, nilidai fidia, na kampuni ililipa baada ya mkaguzi kuandika ripoti na mimi kuonyesha kwamba niliiandikia barua ya malalamiko kampuni ya meli kwa wakati. Ilichelewa kuliko walivyoahidi, ila ililipa. Nisingekuwa na Vifungu A nisingepata hata senti.

Kwa hiyo naipa ofisi nyota 4 kati ya 5, na bidhaa nyota 3. Anayeagiza kutoka China moja kwa moja achukue Vifungu A bila kusita, aongeze na nyongeza ya migomo na ghasia, ambayo ni rahisi na hufuata mzigo hadi nchi kavu, kisha aamue ya vita kwa kuangalia njia ya meli na bandari ya kubadilishia. Anayepeleka mizigo Kongo adai aandikiwe mapema, kwa lugha anayoielewa, ulinzi wake unakoma wapi. Na wote wakumbuke kutenga akiba ya nauli kupanda, kwa sababu hiyo haina kampuni ya kuilipa.

Kontena langu linalofuata litatoka Jebel Ali, ndani ya Mlango wa Hormuz, na nyongeza ya vita kwa safari hiyo nitailipa bila kubishana. Swali ambalo dalali bado hajanijibu ni kama ada aliyonitajia itakuwa ileile siku meli itakapopakia.